Kupanga usimamizi wa msitu kwa picha za satelaiti: niliyojifunza kazini

Kila ninapoitwa kusaidia timu inayoandaa mpango wa usimamizi wa msitu, ombi la kwanza huwa lile lile: tutafutie picha mpya ya satelaiti, iliyo safi, tuiweke mwanzoni mwa mpango. Naielewa hamu hiyo. Msitu ambao mtu ameutembea kwa miguu miaka mingi, siku anapouona mzima kutoka juu, hupata nguvu mpya ya kuupigania. Hata hivyo kazi hii imenifundisha kwamba picha mpya ndiyo inayoweza kusubiri kuliko vitu vyote. Kinachotangulia ni mpaka.

Msitu mmoja unaweza kuwa na mipaka mitatu kwa wakati mmoja. Upo ulioandikwa kwa maneno kwenye tangazo au hati, upo uliochorwa kwenye ramani ya karatasi, na upo wanaoujua walinzi na majirani wa msitu. Hati inasema mpaka unafuata mto, lakini mto umehama. Ramani inaonyesha nguzo ya mpaka, lakini nguzo iling'olewa zamani. Juu ya hayo kuna tatizo lisiloonekana kwa macho: ramani nyingi za zamani hazikuchorwa kwa WGS 84, mfumo wa koordineti ambao GPS huutumia. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki, kwa mfano, ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na mtu akizichanganya namba za mifumo hiyo miwili bila kuzigeuza, mstari unasogea takriban mita 300 ardhini. Programu ya ramani haitakushtua. Itapokea namba ulizoipa na kuchora. Sasa fikiria upande wa mpaka wenye urefu wa kilomita 10 unaosogea mita 300: hekta 300 zimehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna aliyekusudia.

Nimekaa kwenye kikao ambamo wakulima walishaanza kuitwa wavamizi. Tulipoigeuza ramani ya zamani kwenda kwenye mfumo unaotakiwa, mashamba yao yakaangukia nje ya hifadhi. Tangu hapo sianzi kuainisha uoto wowote kabla mistari yote mitatu haijawekwa kwenye ramani moja, na kabla walinzi na majirani hawajatembea pamoja sehemu ambazo mistari inapishana. Pale ambapo utata haukwishi, ramani ionyeshe utata. Eneo lichorwe kwa rangi yake, na mpango useme nani atalimaliza suala hilo na kwa utaratibu gani. Mstari mmoja mnene mwekundu unaopita juu ya mgogoro hauumalizi. Unaupa tu sura ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Baada ya mpaka ndipo tunaingia kwenye picha, na hapo swali la kwanza ni la msimu. Misitu ya miombo, na mingine inayopukutisha majani, hufanana na ardhi iliyofyekwa ukiipiga picha mwishoni mwa kiangazi. Kompyuta haijui kwamba mti umelala. Inaona udongo na nyasi kavu. Ukichukua picha katikati ya mvua, mambo yanageuka: nyasi, mazao na miti vyote vina ukijani unaokaribiana, na shamba linaweza kuhesabiwa kuwa msitu. Dirisha zuri kwa misitu ya namna hiyo ni mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeshakauka na miti ingali na majani. Na ukilinganisha mwaka na mwaka, mwezi uwe ule ule au unaokaribiana nao. Nimeona ramani za mabadiliko zilizozua taharuki kubwa, kumbe picha moja ilikuwa ya mwezi wa tano na nyingine ya mwezi wa kumi.

Kwenye misitu ya milimani na ya kijani kibichi, msimu si tatizo kubwa kama mawingu. Hapo nimekuwa nikiunganisha picha nyingi za msimu mmoja na kuchukua, kwa kila pikseli, yaani kila kimraba kinachounda picha, thamani ya kati isiyo na wingu wala kivuli chake. Rada za satelaiti za Sentinel-1, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, hupiga picha hata kukiwa na wingu zito, na zimetuokoa mara kadhaa. Lakini kwenye miteremko mikali rada hupotosha umbo la ardhi, na udongo au majani yaliyolowa hubadilisha mwangwi wake. Anayeitumia milimani ajipe muda wa kuizoea.

Ukubwa wa pikseli nao unafaa uelezwe kwa lugha ya hekta, maana hiyo ndiyo lugha ya wenye msitu. Pikseli ya satelaiti za Landsat ina mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, hivyo hekta moja ina pikseli 11 na kidogo. Satelaiti ya Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, ina mikanda ya mwanga yenye pikseli za mita 10, na hekta moja inapata pikseli 100. Ukanda wa miti kando ya kijito wenye upana wa mita 15 hupotelea ndani ya Landsat. Kwenye Sentinel-2 unaanza kujitokeza, ingawa kwa kuchanganyika na jirani zake. Kwa hiyo mpango unaoahidi kulinda kingo za vijito hauwezi kuutegemea ushahidi wa pikseli za mita 30 peke yake. Jambo hili ni jepesi kulieleza kikaoni, na watu wakishalielewa huacha kuidai picha ile mambo isiyoyaweza.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni kumbukumbu. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na tangu mwaka 2008 hazina yote ya picha zake hutolewa bure. Maana yake ni kwamba msitu wowote duniani una historia yake, na anayetaka anaweza kuisoma. Kuna mapengo, bila shaka. Kuanzia mwisho wa Mei 2003 picha za Landsat 7 zina michirizi mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika, na kuna maeneo ambayo miaka ya 1980 na 1990 yana picha chache mno. Bado kilichopo ni kingi kuliko timu nyingi zinavyokitumia. Mpango wa msitu uliojengwa juu ya picha moja ni sawa na kuamua afya ya mtoto kwa kumpima uzito mara moja; kadi ya kliniki ina maana kwa sababu ya mstari unaopanda au kushuka mwezi baada ya mwezi.

Nitoe mfano mmoja. Timu ilikuwa imeweka alama kwenye eneo lililoonekana wazi katikati ya msitu, na rasimu ikasema: eneo lililoharibiwa, lipandwe miti. Nilipanga picha za eneo hilo kutoka miaka ya 1980 kuja mbele. Lilikuwa wazi tangu zamani, tena lilikuwa kubwa zaidi, na kila baada ya miaka michache kingo zake zilikuwa zikisogea ndani. Msitu ulikuwa unarudi wenyewe. Tulipokwenda, tukakuta visiki vimechipua, na mzee mmoja wa kamati ya msitu akatueleza kwamba palikuwa na mashamba yaliyoachwa zamani wenyewe walipohama. "Mwanangu, hapa hapahitaji mche," akaniambia, "hapa panahitaji moto usipite." Miti mingi ya miombo huchipua vizuri kutoka kwenye visiki na mizizi, ila moto mkali wa mwisho wa kiangazi huyaua machipukizi kabla hayajapita urefu wa miali. Mpango ukabadilika. Fedha ya kupanda ikapelekwa kwenye kingo za vijito, na eneo lile likapewa barabara ya kukinga moto na ratiba ya kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu.

Historia hiyo hiyo hufichua na kinyume chake. Kipande kinachoonekana kijani na kizito leo kinaweza kuwa kimekuwa kikipungua pole pole kwa miaka kumi. Vipimo vya ukijani vinavyotumiwa sana huacha kupanda msitu unapofikia uzito fulani: majani yakishafunika ardhi, kipimo hakitofautishi tena msitu wenye miti mikubwa na ule uliobaki na miti ya kati tu. Hapo napenda kutazama mikanda ya infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga usioonekana kwa macho, inayohisi unyevu na vivuli ndani ya mwavuli wa miti, na kuangalia mwelekeo wa miaka badala ya rangi ya mwaka mmoja. Mwelekeo ukishuka bila pengo kuonekana, hiyo ni ishara ya kwenda kukagua visiki.

Na hapa ndipo mimi husisitiza kuliko mahali pengine popote: picha inaonyesha uoto, haionyeshi matumizi. Mtu anaweza kuondoa mti mmoja mmoja wa mbao za thamani, na mwavuli ukaziba ndani ya muda mfupi. Mifugo inalisha chini ya miti. Mizinga imetundikwa. Dawa zinachimbwa, kuni zinaokotwa, matambiko yanafanyika. Yote hayo ni usimamizi wa msitu, na hakuna hata moja ambalo pikseli italitaja. Kuna maeneo ambayo ramani yetu ya kwanza iliyaita "pori tupu" na yalikuwa ndiyo malisho ya akiba ya kiangazi chote. Mpango ungeyafunga, mgogoro ungeanza siku ya pili.

Ramani za dunia nzima zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland wakiongozwa na Matthew Hansen walichapisha ramani ya upotevu wa miti duniani kwa pikseli za mita 30, na imekuwa ikihuishwa kila mwaka. Ni kazi kubwa, nami huitumia kama taa ya kwanza ya kuonyesha wapi pa kutazama. Ila kwenye ramani hiyo mti ni uoto wowote wenye urefu unaozidi mita 5, na shamba la miti lililovunwa kwa ratiba halali linawaka sawa na msitu wa asili uliofyekwa. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa upande wake huhesabu msitu kwa kuangalia eneo lisilopungua nusu hekta, miti yenye uwezo wa kuzidi mita 5 na mwavuli unaozidi asilimia 10, pamoja na matumizi ya ardhi, hivyo kitalu kilichovunwa kinachosubiri kupandwa upya kinabaki kuwa msitu. Ramani mbili zikibishana, mara nyingi kinachobishana ni fasili. Andika fasili ya mpango wako kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya ramani, kabla ya takwimu yoyote.

Kwa kupata yale ambayo picha haiyaoni, hakuna chombo nilichokiona kinashinda karatasi kubwa. Tunachapa picha kwa ukubwa unaojaza meza, tunaandika majina ya vijito na vilima, na tunawapa watu kalamu. Projekta huwafanya watu wawe watazamaji. Karatasi huwafanya wainame, wabishane, wachore. Mwanzoni wanatafuta mto, kisha njia, kisha kila kitu kinajipanga. Inafaa wanawake wapate meza yao au muda wao, kwa kuwa njia za kuni na maji wanazijua wao, na kwenye meza ya pamoja kalamu mara nyingi huishia mikononi mwa wanaume. Michoro hiyo huwa tunaipiga picha, tunaipa koordineti, na kuiingiza kwenye QGIS, programu isiyolipiwa inayotosha kwa kazi yote ninayoieleza hapa. Inakuwa tabaka lenye hadhi sawa na tabaka la satelaiti. Yakipingana, tunakwenda kuangalia.

Niseme kuhusu takwimu za eneo, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi huteleza. Ramani hupewa alama ya usahihi, tuseme asilimia 98, na wote wanaridhika. Chukua msitu wa hekta 10,000 ambamo kwa kweli hekta 200 zimefyekwa. Ramani inazipata hekta 180 kati ya hizo, jambo zuri. Lakini inakosea asilimia 2 tu ya msitu mzima uliobaki, ikiuita umefyekwa: asilimia 2 ya hekta 9,800 ni hekta 196. Ukihesabu pikseli, utaandika kwamba hekta 376 zimefyekwa, karibu mara mbili ya ukweli, kutoka kwenye ramani yenye usahihi wa takriban asilimia 98. Dawa yake inajulikana: unachagua nukta za sampuli kwa bahati nasibu ndani ya kila aina ya eneo la ramani, unazikagua moja moja kwa picha kali zaidi au kwa miguu, na unakadiria eneo kutokana na sampuli hizo, ukitaja kiwango cha shaka. Kiongozi atakuuliza kwa nini umeandika "kati ya hekta hizi na hizi" badala ya namba moja. Mjibu kwa mfano huo. Sijaona kiongozi aliyeuelewa akaendelea kudai namba moja.

Ramani hiyo hiyo, ikiwa na makosa yake, husaidia sana kupanga upimaji wa miti. Badala ya kutawanya ploti, yaani vipande vidogo ambamo miti hupimwa, sawasawa msitu mzima, unaugawa kwa picha: msitu mzito, wa wastani, wenye miti michache, wa kingo za maji. Kisha unaweka ploti nyingi zaidi pale penye eneo kubwa na miti inayotofautiana sana, na chache pale panapofanana. Kwa idadi ile ile ya ploti, makadirio ya ujazo wa miti yanakuwa na shaka ndogo zaidi, na hiki ndicho kinachobeba kiwango cha uvunaji kwa mwaka. Kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3, jina la mti, hali ya machipukizi: hivyo bado vinapimwa na mtu mwenye utepe mkononi.

Miteremko tunaikokotoa kutoka kwenye data ya mwinuko ya SRTM, iliyokusanywa kwa rada Februari 2000 kutoka kwenye chombo cha anga. Inatosha kutenga sehemu kali zisizofaa kuvunwa. Angalia tu kwamba rada ile haikufika chini kabisa kwenye msitu mzito, hivyo ukingo wa msitu mkongwe unaweza kuonekana kama gema dogo lisilokuwapo.

Nukta za moto, yaani alama za mahali ambapo satelaiti imehisi moto, nazo zinataka maelezo mafupi kwa walinzi. Kihisi cha VIIRS, kilichomo kwenye satelaiti, kinatoa nukta inayowakilisha mraba wa takriban mita 375 kila upande. Nukta ni kitovu cha mraba, moto unaweza kuwa popote ndani yake. Mlinzi asiyeambiwa hivyo hufika kwenye nukta, hukuta majani mabichi, na huanza kuidharau taarifa ya kesho. Baada ya maelezo hayo walinzi ninaofanya nao kazi huzunguka eneo, na ripoti zao zimekuwa bora.

Mpango ukishasainiwa, swali linalobaki ni nani anazo faili. Mara nyingi mtaalamu wa ramani huondoka nazo kwenye kompyuta yake, na ofisi hubaki na picha za ramani ndani ya hati ambazo hakuna anayeweza kuzirekebisha. Mimi sasa huweka kwenye makubaliano ya kazi kwamba siku ya mwisho tunakabidhi mradi mzima wa QGIS, matabaka yote katika faili moja ya GeoPackage, aina ya faili inayobeba data za ramani, na karatasi ya maelezo: kila tabaka limetoka wapi, tarehe ya picha, mfumo wa koordineti, nani alilihakiki. Na mtu wa ofisi ile, si mimi, ndiye anayefungua na kuchapa ramani ya kwanza ya makabidhiano. Akikwama, tunabaki mpaka asikwame. Walinzi wanapata ramani kwenye simu zao zinazofanya kazi bila intaneti, wakijua kwamba chini ya mwavuli mzito nukta ya simu inaweza kukosea mita kumi na zaidi.

Kuna matabaka ambayo hayapaswi kuingia kwenye simu zile wala kwenye nakala ya wazi ya mpango. Miti mikubwa ya thamani iliyobaki, sehemu za matambiko, viota vya ndege adimu: tuliyachora hayo kwa sababu watu walituamini, na ramani sahihi ya miti ya thamani ni ramani ya mvunaji haramu pia. Yanakaa kwenye faili tofauti yenye nywila, na kamati ya msitu inaamua nani ayaone. Katika nakala ya wazi tunapaka rangi eneo pana la ulinzi bila nukta. Wenye sehemu hizo wanaulizwa kabla, siyo baada, na wakisema kitu kisichorwe kabisa, hakichorwi.